Kubandua Karatasi za Mama

Mdogo wangu alikuwa anapiga mluzi. Hilo ndilo lililonikera kwanza, kabla sijaona alichofanya, kwa sababu nilikuwa nimetoka Kinindo kwa miguu hadi nyumbani Buyenzi, jua la saa tano kichwani, mjini hakuna mafuta na teksi zote zimelala kwenye foleni. Nilikuwa nimekwenda kupima dirisha la mteja. Niliingia karakana yetu, ambayo ni baraza ya nyumba tu tuliyoizungushia mabati, nikamkuta ameinama juu ya kipande cha tripleksi, ule ubao mwembamba wa tabaka, anapuliza vumbi, anapiga mluzi, anapuliza tena.

Alikuwa amekaa kwenye mashine yangu, ule msumeno wa umeme wenye wembe mwembamba kama uzi unaopanda na kushuka. Sisi tunauita mashine ya maua. Juu ya ubao kulikuwa na karatasi yenye mchoro, jambo la kawaida, maana hatukati kitu bila mchoro. Lakini karatasi ile haikuwa fotokopi. Ilikuwa ya rangi ya kaki, karatasi ya mfuko wa saruji, na ilikuwa na matundu.

Karatasi zenye matundu zilikuwa za mama.

Mama alidarizi mashuka ya harusi kwa zaidi ya miaka thelathini. Maua aliyachora mwenyewe, kwa penseli, juu ya karatasi yoyote iliyomfikia: mifuko ya saruji, kalenda zilizokwisha mwaka, mitihani yetu ya shule. Kisha alichukua sindano akatoboa tundu kwa tundu kufuata mstari wa penseli, shuka nzima ya karatasi, akiwa amekaa mkekani na mguu mmoja umenyooka. Akishamaliza, aliilaza karatasi juu ya kitambaa, akasugua buluu ya kufulia iliyochanganywa na mafuta ya taa. Buluu ilipita kwenye matundu, na ua likabaki kitambaani kwa nukta, tayari kwa uzi. Kwenye pembe ya kila karatasi aliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa hakusoma mahali pengine zaidi ya chuo cha Kurani, ua lile lilikuwa la bibi-harusi gani. Hakuandika majina. Aliandika "mtoto wa pili wa muuza mkate", au "yule aliyeolewa Uvira".

Miaka minne iliyopita sukari ilimharibu macho. Sasa anaona mwanga na vivuli, basi. Hachori tena, wala hatoboi.

"Hii umeitoa wapi?" nikamwuliza mdogo wangu.

"Kwenye sanduku yako," akasema, bila hata kuinua kichwa. "Kwa watu wa fotokopi akuna umeme tangu jana, dada. Na ule madamu wa Gihosha anataka paravani yake ya kugawa chumba kesho."

"Umebandika na nini?"

"Kole ya mbao."

"Moja kwa moja kwenye tripleksi? Bila skochi?"

"Eh. Ile inashika muzuri."

Nilimwuliza amebandika ngapi. Akanyoosha vidole vyote vya mkono mmoja, huku ule mwingine ukiendelea kushika ubao.

Lazima nieleze hapa kwa nini nilitaka kumpiga. Mimi nilikuwa na utaratibu, na yeye aliujua, kwa sababu nilimfundisha mwenyewe. Karatasi ya mama hutoka sandukuni kwenda fotokopi na kurudi sandukuni. Fotokopi ndiyo inayokwenda kwenye ubao. Tena hata fotokopi haigusi mbao: kwanza unafunika ubao wote kwa skochi, utepe ule mpana wa kunata wa wapaka rangi, halafu unapaka gundi ya wanafunzi, ile ya kijiti, juu ya skochi, ndipo unalaza karatasi na kuilainisha kwa kiganja kuanzia katikati. Ukimaliza kukata, unashika ncha moja ya skochi na kuvuta polepole. Kila kitu kinatoka pamoja, na chini ubao ni safi kama ulivyotoka dukani. Ni dakika kumi zaidi ya kazi. Dakika kumi tu. Lakini mdogo wangu, mtu wa miaka thelathini na minne, mwenye mke na watoto watatu, alikuwa amealikwa na wenzake Kajaga kula samaki mchana ule, na dakika kumi aliziona nyingi.

"Usijali," akasema. "Itatoka. Nitapiga musasa. Angalia, moja nimeshapiga."

Akaniinulia kipande. Kilikuwa kimekatwa vizuri, siwezi kusema uongo, ana mkono mwepesi kuliko wangu. Juu yake kulikuwa na mabaka meupe ya gundi na nyuzinyuzi za karatasi zilizosagika. Chini ya mashine, miguuni mwake, kulikuwa na vumbi la kahawia na la kijivu, na katikati ya vumbi hilo chembe za buluu.

Nilimnyang'anya msasa. Nadhani nilimkwaruza, maana alitazama mkono wake.

"Dada, ni makaratasi tu!"

"Toka kwenye kiti."

"Ile michoro unayo yote kwenye fotokopi—"

"Fotokopi ninazo za kumi na mbili. Hizi tano sijawahi kuzitoa kopi. Toka kwenye kiti!"

Alitoka. Nikaangalia zile nne zilizobaki. Tatu zilikuwa zimeshakatwa: karatasi imebaki juu ya mbao kama ngozi, na wembe umeigawa vipande vipande kila ulipopita. Ya nne ilikuwa imebandikwa haijakatwa, bado ina unyevu pembeni. Na pembe hakuna. Ili karatasi zienee kwenye vipimo vyake alikuwa amezipunguza kwa mkasi, na pembe zenye maandishi ya mama amezifagilia kwenye takataka pamoja na maranda.

Nilipiga magoti nikachakura takataka. Nilipata tatu. Mbili sikuzipata.

Mtu anayefanya kazi hii huijua hasira ya karatasi iliyogoma kutoka. Kwa kawaida ni hasira ndogo. Unataka ubao, karatasi ni uchafu, ukishindwa unaisaga. Siku ile nilitaka karatasi, na ubao ndio uliokuwa uchafu. Ungeoza kama ungependa. Kila nilichojua kilikuwa cha upande mwingine. Gundi ya kupuliza ungeilowesha kwa mafuta ya kuyeyushia rangi, ukangoja kidogo, karatasi ikajiachia yenyewe. Gundi nyeupe ya mbao haisikii hayo. Hiyo inasikia maji ya moto na siki tu, na maji ndiyo yanayoiua karatasi. Tena kwenye karatasi za mama gundi ilikuwa imepanda kupitia matundu ya sindano na kukauka upande wa juu, vichwa vidogo vigumu, mamia, kama karatasi imepigiliwa misumari.

Nilianza na ile ambayo haijakatwa. Nilichemsha maji kwenye birika, nikatia siki, nikalowesha kitambaa, nikakikamua, nikakilaza juu. Nikahesabu. Nikajaribu kuingiza kisu cha mezani kwenye ukingo. Sentimita moja. Kitambaa tena. Buluu ya zamani iliyoganda kwenye matundu ilianza kuyeyuka na kutembea, na mistari ya penseli ikawa inaogelea ndani yake.

Mdogo wangu alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Nikusaidie?"

"Nenda Kajaga kwako."

"Dada, mi sikujua unazipenda hivyo. Zimekaa kwenye sanduku muda wote—"

Hapo nilimwambia maneno ambayo sipendi kuyakumbuka. Nilimwambia hajawahi kushika kitu kikabaki kizima. Nilimwambia duka la baba liliisha mikononi mwake, na kwamba kama si mimi angekuwa amekaa barabarani anahesabu baiskeli zinazopita. Duka la baba halikuishia mikononi mwake. Liliungua soko lilipoungua, na yeye alikuwa mtu wa mwisho kutoka, nywele zimeungua, amekumbatia majora mawili ya kitambaa. Wote wawili tulijua hivyo. Alinitazama, akafunga vifungo vya shati, akaondoka. Hakwenda Kajaga. Baadaye mkewe aliniambia alirudi nyumbani, akalala chali juu ya mkeka hadi magharibi.

Mimi niliendelea. Nilikwenda saluni ya jirani kuazima mashine ya kukausha nywele, kwa kuwa umeme ulikuwapo upande wetu, na joto husaidia. Ilipofika alasiri ile karatasi ya nne ilikuwa imetoka, katika vipande viwili, mstari wa mpasuko umepita katikati ya ua. Mbili kati ya zile zilizokatwa zilitoka kama tambi. Nilizipanga juu ya gazeti, nikazigandamiza kwa gazeti jingine, nikaweka tofali juu. Vidole vilikuwa vimevimba kwa maji ya moto. Tripleksi nayo ilifumuka, tabaka za juu zimeinuka kama maandazi, na niliifurahia ilivyokuwa inaharibika.

Katika hali hiyo madamu wa Gihosha akaingia.

Ni mwanamke mzuri wa tabia, afisa mkubwa wa wizara, amevaa nguo za kazini, na alikuwa amepita tu kuangalia paravani yake imefikia wapi. Paravani ilikuwa sakafuni, imefumuka kwa maji, isipokuwa ubao mmoja ambao sikuwa nimeanza kuubandua. Ubao huo aliuinua. Akaugeuza kwenye mwanga. Karatasi ya kaki, matundu, penseli, doa la buluu.

"Oh là là," akasema. "Hii ni nzuri! Hii ni nini, maandishi ya zamani?"

"Ni karatasi ya mchoro, madamu. Inapaswa kutoka."

"Apana, usitoe! Acha hivi hivi. Pakeni vernis juu, basi. Inaonekana ya kale. Fanyeni zote hivi, nitafurahi sana."

Niliuchukua ubao mikononi mwake. Sikuuvuta kwa nguvu, lakini sikuuomba pia.

"Hii haiuzwi," nikamwambia.

"Si ni paravani yangu?"

"Paravani yako tutakutengenezea nyingine. Hii haiuzwi."

Alicheka kidogo, akidhani natania. Alipoona sitanii alisimama wima, akaniuliza kama najua tumemngojesha kwa wiki ngapi. Nilijua. Nikamwambia kama hawezi kungoja atafute fundi mwingine, mji ni mkubwa. Alitoka akiwa ameshika funguo za gari kwa vidole viwili, na hakurudi tena. Alikuwa hajafanya kosa lolote. Alipenda kitu kizuri alichokiona. Lakini siku ile mtu yeyote aliyependa kazi ya mama nilimwona mwizi.

Sasa ilibaki kumwambia mama.

Mama hukaa uani saa za jioni, kwenye kiti cha plastiki karibu na pipa la maji, tasbihi mkononi. Nilimletea vile vipande juu ya sinia la chai. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumshtaki mdogo wangu. Nilitaka mama amkasirikie. Nilitaka, kwa mara moja, asiseme ni mtoto mdogo, mumuache.

"Mama, kuko kitu nataka kukuambia. Kuhusu karatasi zako."

"Sema."

Nikamwambia. Fotokopi zilizokosa umeme, gundi, mkasi, msasa. Sikuacha hata kile chakula cha Kajaga. Mama alisikiliza, kisha akanyoosha mkono, nikamwekea ile karatasi iliyopasuka vipande viwili. Akaipitisha ncha ya kidole juu ya matundu, polepole, kama watu wanavyotafuta mwiba kwenye samaki.

"Hii ni ya mutoto wa fundi wa viatu," akasema. "Alitaka zabibu. Nikamuambia, zabibu umeona wapi we? Nikamupa majani ya muhogo." Akatabasamu. "Alilia. Halafu akayapenda."

Akachukua tambi moja, akaigusa, akairudisha. Nyingine. "Hii siijui tena. Imekuwa fupi."

"Ni yeye, mama. Nilimwambia mara mia. Mimi ningekuwa—"

"Ngoja." Akaweka tasbihi kwenye mapaja. "Niambie kwanza. Karatasi zangu zilifikaje kwenye mbao?"

"Si nimekuambia, mama, alizichukua kwenye sanduku—"

"Apana. Kabla ya hapo. Wewe unafanya fotokopi ya nini?"

Nikasema, kwa sauti niliyotaka iwe ya kawaida, "Ya kukata maua. Nakata maua yako, mama. Si unajua."

"Mi najua unakata maua. Umeniletea, nimeshika, nikasema mashallah. Hukusema ni yangu."

Ni kweli alishika. Nilimletea fremu ya kioo, mwaka wa kwanza, akaipapasa yote. Lakini mbao iliyopigwa msasa haina matundu, na vidole vyake vinajua matundu. Na mimi, nilipokuwa nahamisha sanduku lile kutoka chini ya kitanda chake, nilimwambia nini? Nilimwambia nazipeleka mahali pasipo na mchwa. Hilo lilikuwa kweli pia.

"Unakatia nani?" akauliza.

"Wateja."

"Wateja gani?"

"Watu wa Kinindo. Wa Gihosha. Hoteli moja ya ufukweni, nane."

"Nane za ua moja?"

"Nane za ua moja."

Sijawahi kumwona mama akisimama haraka tangu macho yaharibike. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Kila bibi-harusi alikaa hapa," akasema, na akapiga ardhi kwa mguu. "Hapa! Na mama yake. Nikamuambia: ua hili ni lako peke yako, akuna mwanamuke mwingine atalala juu yake. Nilikuwa natoboa mara moja, nasugua mara moja, naweka. Walikuja kuniomba, dada zao, mawifi zao, nifanyie kama la yule. Nikakataa. Miaka yote nilikataa! Na we umeweka nane kwenye hoteli?"

"Mama, wengi wameshakufa. Wengine wamehama. Nani atajua?"

"Mi ninajua."

"Mbona ulizitunza basi? Kama hazitumiki tena, kwa nini hukuzichoma?"

Nilimpigia kelele. Nilimpigia kelele mama yangu mwenye miaka sabini, asiyeona, uani, majirani wanasikia. Nilimwambia kazi ile ndiyo iliyotulisha tangu nguo zilizoshonwa tayari zilipojaa mjini na cherehani yangu ikakosa wateja. Nilimwambia yale maua yangeozea chini ya kitanda. Nilimwambia nilikuwa nayaokoa. Na wakati nasema hivyo nilijisikia kabisa kama mdogo wangu, nimekaa kwenye kiti cha mtu mwingine, napiga mluzi.

Mama alipapasa ukuta akaingia ndani. Niliinua kiti. Sikuingia nyuma yake.

Siku iliyofuata, kabla sijafungua karakana, alikuja mwenyewe hadi mlangoni, mkono kwenye bati.

"Nipe zote," akasema.

Nikampa sanduku. Nikampa na fotokopi zote kumi na mbili. Fotokopi alizipapasa, hazina kitu, ni laini tu, akazichana palepale bila pupa, mara mbili, mara nne. Sanduku alilirudisha chini ya kitanda. Niliomba msamaha jioni ile, kwa adabu, nimepiga magoti kama inavyotakiwa.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini usiguse."

Hata hilo lilinikasirisha. Nilitaka msamaha unirudishie sanduku.

Mimi na mdogo wangu hatukusemezana kwa wiki mbili. Tulifanya kazi mgongo kwa mgongo, yeye anatengeneza milango, mimi sina cha kukata. Mimi ndiye niliyeanza. Nilimwambia lile neno la duka la baba halikuwa kweli. Akasema, "Najua," akaendelea kupiga randa. Baada ya muda akasema, "Karatasi ya muhogo, mi ndiye nilimuletea mama ule mufuko wa saruji. Nilikuwa mudogo. Sikuikumbuka." Bado nikiona mabaka ya gundi nyeupe kwenye kucha zake damu inanipanda, na bado tunakula sinia moja.

Sasa nachora mwenyewe. Nachora kwa rula zaidi, kwa sababu mkono wangu haukupewa majani. Nakata pembetatu, nyota, mistari inayosukana. Nafunika ubao kwa skochi, napaka gundi juu yake, nalaza karatasi, nakata, nabandua, natupa. Karatasi zangu natupa zote.

Mwezi uliopita mteja wa Kinindo, yule wa dirisha, alizitazama sampuli zangu mpya moja baada ya nyingine, akanirudishia. Akaniuliza kama sina yale maua ya zamani, aliyaona hotelini, mazuri mno.

"Yale yana wenyewe," nikasema.

"Nani? Niwaulize?"

Nilimwambia wapo wengi, na sijui wote wanakaa wapi. Kisha nikamwuliza kama anataka nyota au pembetatu, kwa sauti iliyomfanya achague haraka.